Tawi Mkononi

Darini kwangu kuna popo. Nikisikia harufu ya kinyesi chao, narudi kimawazo kwenye pango la mlima Wanale, siku zile vita vilipokwisha. Askari wa hifadhi alitufundisha humo bila malipo, sisi watoto wa shule, kusoma nyayo kwenye vumbi.

"Huyu nungunungu. Amepita asubuhi."

Mwisho wa pango akageuza tochi. "Sasa tusome zenu."

Nyuma yetu vumbi lilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Mmeingiaje humu?" akauliza askari.

"Kwa miguu, afande."

Mimi nilikuwa wa mwisho mstarini. Mkononi nilishika tawi la majani, kama lile mama alilofutia nyayo zetu tulipojificha humo wakati wa vita, wanajeshi wasitufuate. Sikumbuki nililichuma wapi.