Dirisha la Baba Mdogo

Baba yangu mdogo anachora ramani za nyumba za watu, na hasira zake ni moto wa kuotea mbali. Ofisi yake iko ghorofani kwake, chini ya bati, na msimu wa joto chumba kile ni tanuri.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia, "asubuhi funga dirisha na pazia. Jua likizama, fungua. Joto la nje unalikaribisha la nini?"

"Hewa nimeisomea mimi!" akafoka, na dirisha likabaki wazi kutwa.

Juzi alishuka kula. Aliporudi akakuta mama mdogo amelipigilia misumari. Akapanda mori. Aliirusha feni ukutani, akainua kiti, akalitwanga dirisha mpaka vioo vikamwagika barabarani watu wakakimbia. Kipande kimoja kikamkata mkono hadi kiwiko. Damu ikatapakaa sebuleni kwa mteja, ile sebule ya kwenye karatasi.

Mama mdogo alipanda, akararua pazia, akamfunga jeraha akikaza kwa makusudi mpaka mwanamume akapiga yowe. Kesho yake akaliziba dirisha lote kwa mbao, mwenyewe.

Nilipofika mchana nilimkuta baba mdogo amewasha taa, anachora, hana hata tone la jasho.

"Unaona kulivyopoa?" akaniambia. "Nilijua tu, lile dirisha lilitaka kuvunjwa."

Mama mdogo, aliyesimama mlangoni nyuma yangu, akainama kuokota nyundo.