Hidrosefalasi kwa vidole sita

Mbele yangu kwenye foleni ya hospitali moja huku pwani, mama aliyetoka Kipatimu, kwenye milima ya Umatumbi, alikaa mezani kwa nesi, amempakata mwanawe, kichwa kimefunikwa kanga.

"Mtoto anaumwa nini?"

Mama akakunja vidole sita, kimoja kwa kila silabi: "Hi-dro-se-fa-la-si." Alikaza sauti kwenye "la", kama alivyofundishwa zahanati. "Hidro maji, sefalasi kichwa."

"Umelisema vizuri. Mbona umechelewa?"

"Tulimficha ndani, dada. Tuliogopa macho ya watu."

Nesi akafunua kanga, akaifunika tena polepole. "Daktari wa kumpasua hapa hatuna, mama."

Nikawaza: basi neno la Kigiriki limepanda milima yote ya Umatumbi, daktari kashindwa nini kufika hapa pwani?

Mama akakunjua vidole, akaanza upya: "Hi-dro-se..." Alidhani amekosea kulitamka.