Kufika Kabla ya Omena

Kuna siku moja, Atieno mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka nyayo zangu bado zinasikia mchanga wa ufuo wa Usenge, kule ziwani. Nilikuwa msichana wa miguu mirefu. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini mbio sikuziacha, na ufuo mzima hakuna aliyenishinda.

Mnunuzi wetu alikuwa Bwana Wasonga wa soko la Otonglo, mwenye pikapu ya bluu. Mchanga ungeimeza, kwa hiyo aliisimamisha mbali, kule juu barabarani, akapiga honi. Honi ikilia, sisi wanawake tunabeba omena, visamaki vyetu vidogo vya ziwa, kichwani, tunapanda. Aliyefika kwanza aliuza kwanza. Pikapu ikijaa, waliobaki nyuma walirudi na mizigo yao.

Na omena, wewe wajua, haikauki kwa kuangaliwa. Unaianika kwenye nyavu kuukuu, unaigeuza, halafu unaiuliza yenyewe. Ukiikoroga kwa mkono ikalia kama majani makavu, iko tayari. Ikinyamaza, ngoja.

Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi, na omena yangu ikanyamaza. Honi ikalia. Nikawaza, nikingoja, mwenzangu Apondi atanitangulia. Basi nikazoa ile mbichi nikaijaza guniani, juu nikatandaza kavu kidogo ya jana, nikafunga, nikatoka mbio. Nikampita Apondi. Nikampita Risper na tumbo lake la miezi saba. Nikampita Min Awuor, yaani mama yake Awuor, mjane mwenye mguu mbaya, naye akaniita, "We nyako, we msichana! Unafukuzwa na nani?" Nikacheka tu.

Maneno ya soko nilikuwa nayo pia. "Bwana Wasonga," nikamwambia, "omena hii, hata paka akiisikia anavaa viatu aifuate!" Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Gunia langu likapanda la kwanza.

Wiki iliyofuata honi haikulia. Wala ile nyingine. Gunia langu lilikuwa limeoza katikati ya mengine, na kule Otonglo watu wakasema omena ya Usenge inanuka. Hawakusema omena ya Anyango, mwanangu. Walisema ya Usenge. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Omena ya wenzangu ikakaa, ikaliwa na inzi. Min Awuor alikuwa na watoto wanne na hana kazi nyingine. Nikaenda kwake, nikakiri. Hakunipigia kelele. Alikoroga omena yake, ikalia.

"Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

"Mbio zako nzuri, Anyango. Shida ni moja: ulifika kabla ya omena yako."

Kesho yake tukaenda Otonglo, mimi na yeye, kwa mwendo wa mguu wake mbaya mpaka kituo cha basi, yeye na mkebe wa omena yake mkononi. Nikamwambia Wasonga ukweli kwa mdomo uleule uliomchekesha. Safari hii hakucheka. Alitia mkono kwenye mkebe wa Min Awuor, akakoroga, akasikiliza. Wiki hiyo honi ikalia tena. Lakini miaka yote aliyokuja, gunia langu alilichimba mpaka chini. La Apondi hakulifungua hata siku moja.

Sasa wewe, mjukuu wangu. Alfajiri unakimbia mpaka ufuo wa Dunga na kurudi, unajiandaa kwa mbio ndefu, na mimi Dani yako, bibi yako, nafurahi. Nimeona pia simuni picha ya pakiti zako za omena, umezipanga juu ya gari jeupe la yule kijana Otieno, hili refu ambalo kila kijana analitaka. Juzi walitaka yale mafupi. Magari ni kama misuko ya nywele, hayo sikukatazi, biashara matangazo. Ila jana nilitia mkono kwenye omena uliyoanika hapo barazani. Ilinyamaza. Na wateja umewaambia wataipata Jumamosi.

Waambie Jumatatu, mama. Wengine watanuna, mmoja au wawili watakwenda kwingine, waache waende. Anayejua mbio ndefu hatumii pumzi yote kwenye kona ya kwanza. Jina lako likichafuka, hutachafuka peke yako. Kuna wanawake kule ufuoni wanaokula kwa jina hilohilo la omena yetu.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe miguu isiyochoka na mkono unaojua kungoja. Na kila mahali utakapofika, omena yako iwe imefika nawe, ikilia.