Maji Meupe ya Ndabibi

Dungusi, lile kakati la miiba, likikatwa hutoa harufu ya majani mabichi, na ute wake hunata vidoleni kama kamasi la mtoto. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, huweka chini nilichoshika.

Miaka ya hamsini tuliishi Ndabibi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu. Mvua ilipokosekana, tuliteka maji kwenye bwawa la ng'ombe, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mama alichoma miiba ya dungusi, akalipasua, akaukoroga ute wake ndani ya debe la maji hayo. Kufikia asubuhi matope yalikuwa yamelala chini, na juu maji yanang'aa hata najiona meno. Kisha aliyachemsha, kila siku. Mimi niliona anajisumbua bure.

Mwaka mmoja, serikali ikiwasaka wapiganaji msituni, tukakatazwa kuingia humo kutafuta kuni. Mama alimwendea nyapara akiwa amembeba mdogo wangu Njoroge, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea.

"Niruhusu mzigo mmoja tu, mzee. Nimchemshie mtoto maji."

"Mama Wambui," nyapara alisema, akimwita kwa jina langu kama walivyofanya wote, "amri si yangu. Nikikuruhusu, kesho tutafungwa sote wawili."

Tulichoma magunzi, kisha mabua, kisha kigoda chetu cha pekee, tukawa tunakula tumechuchumaa kama vyura. Mwishowe hapakuwa na cha kuchoma. Njoroge alilia kiu kutwa nzima. Mama alichota yale maji meupe kwa kikombe, akayatazama kwa muda, akamnywesha.

Kesho yake mtoto alianza kuhara. Tulipomfikisha zahanati, macho yalikuwa yamezama.

"Maji mlichemsha?" dresa, mhudumu wa zahanati, aliuliza.

"Yalikuwa meupe," Mama alijibu.

Tulimzika Ijumaa.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alidanganywa na weupe wa maji, kama nilivyodanganyika mimi. Nilipokuwa muuguzi, nikiwafundisha akina mama kuchemsha maji, nilimlaumu kimoyomoyo. Hadi nilipozaa wangu, nikamkumbuka amesimama mbele ya nyapara akiomba mzigo mmoja wa kuni. Alijua. Alipokiinua kile kikombe alijua vizuri kilichomo, na mtoto alikuwa analia kiu.