Ringi za Gari la Mkunga

Huyu fundi ninayemsema hakuwa kipofu, usinielewe vibaya. Macho alikuwa nayo, tena makali. Lakini ikifika kazi ya kuvalisha pistoni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka, aligeuza uso pembeni akapiga soga na watu, huku kidole gumba kinatembea juu ya chuma. Kilikuwa kinatafuta alama ndogo iliyogongwa karibu na ncha ya ringi. Upande wenye alama ndio unaotazama juu. Ukiipindua, ringi badala ya kukwangua oili irudi chini inaipandisha juu ikaungue, na gari litafuka moshi mpaka majirani wafunge madirisha. Mafundi wengine huvaa miwani wakainamia taa. Yeye alikuwa akisema, "Macho ni ya dereva. Fundi ana vidole." Ndiyo maana gereji nzima walimwita Gumba, na jina likamganda hata mkewe akalizoea.

Basi ganzi ikaanza. Ilianzia miguuni, akasema ni viatu. Ikaja mikononi, akasema ni baridi ya asubuhi. Siku moja mkewe alimkuta ameshika sufuria jikoni kwa mikono mitupu, imetoka motoni sasa hivi, anaipeleka mezani polepole kama mtu aliyebeba kikapu. Mwanamke akapiga ukelele.

"Wewe mwanamume! Husikii moto?"

"Ngozi ya fundi hiyo, imekomaa," Gumba akajibu, akacheka peke yake.

Mkewe hakucheka. Alimpaka dawa kwenye malengelenge, kidole baada ya kidole, kisha akamwambia, "Mficha maradhi kilio humfichua. Na kilio chenyewe nitakilia mimi, si wewe." Kesho yake Gumba akaenda kazini na vitambaa mikononi, akawaambia watu ameunguzwa na rejeta.

Alichokiogopa hakikuwa maumivu, maana hayo maumivu yenyewe hayakuwepo, na ndiyo ilikuwa balaa. Aliogopa kukaa. Alimwona baba yake alivyokaa miaka yake ya mwisho, anaamka, anawekwa kitini nje, anaulizwa kama amekula. Gumba kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Fundi asiyesikia chuma ni nani? Akajikaza kisabuni, akaendelea kufungua na kufunga magari ya watu.

Ndipo likaja gari la mkunga. Mkunga huyu alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, na gari lake bovu ndilo lililobeba wajawazito wa mitaa mitatu usiku na mchana. Lilikuwa linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Gumba alipima presha ya silinda, ikawa chini. Akadondosha oili kidogo ndani ya silinda, akapima tena, presha ikapanda, maana oili iliziba pengo la ringi. Hapo hapana ubishi tena, ringi zimekwisha. Akaishusha injini, akazitoa za zamani, zimelika pembeni mpaka zinatia huruma. Akasugua silinda, akaagiza ringi mpya kwa mama wa spea wa jirani, mwanamke asiyeuza uchafu, akaketi kuzivalisha.

Kidole kikapita, hakikukuta kitu. Akarudia. Chuma kilikuwa laini kote, kama kipande cha sabuni. Akarudia mara nyingine.

Upande wa pili wa uwanja alikuwepo shemeji yake, kaka wa mkewe, mnyoosha bodi, mtu ambaye asipokutania ujue anaumwa. Akasimamisha nyundo. "Shemeji! Hiyo ringi unaivalisha au unaitongoza? Mbona unaipapasa hivyo, nikamwambie dada?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na Gumba naye akacheka. Jamani, angetazama tu! Kutazama kulikuwa kazi ya kupiga chafya. Lakini ageuze uso mbele ya watu wote, ainame, akodoe macho, yeye Gumba? Akaiweka ringi alivyokisia. Akaweka na ya pili, na zote zilizofuata. Akafunga injini, akalitia gari moto, likaunguruma vizuri, akampa mkunga ufunguo.

Mkunga alirudi kabla wiki haijatimia. Alishuka na kubamiza mlango.

"Fundi, hili ni gari au jiko la kuni? Jana nimembeba mama wa watu, uchungu umeshamshika, moshi ukaingia ndani. Tukashusha vioo vyote. Yeye analia na kukohoa, mimi naendesha kichwa kikiwa nje! Ingekuwa mwendo mrefu ningesema nini?"

Hapo Gumba akafanya jambo la aibu. Alisema, "Ringi feki hizo, mwanangu. Siku hizi spea hazina mwenyewe."

"Feki?" Mkunga akavuta tairi bovu akalikalia. "Basi fungua nizione. Nataka nimpelekee yule mama wa spea mkononi. Atanitambua leo."

Gumba alitaka kusema arudi kesho, lakini mwanamke ameshaketi, mkoba mapajani. Ikabidi afungue. Kazi ikala asubuhi yote. Shemeji akaja kumsaidia kuinua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na ajabu ni kwamba hakutania hata neno moja. Walipofika chini, kwenye nati zinazobana konrodi, vile vyuma vinavyosukuma pistoni, Gumba akatia spana akavuta. Nati haikutikisika. Akavuta kwa mwili mzima ndipo ikalegea, na zote zilikuwa hivyo hivyo. Hebu fikiria furaha yake! Mikono iliyokaza nati namna ile haiwezi kuwa imekufa. Akatabasamu chini ya gari, peke yake na oili yake.

Akaisukuma pistoni ya kwanza ikatokea juu. Safari hii aliitazama. Alama ya ringi ilikuwa chini. Akatoa ya pili, nayo chini. Akaifumba mkononi.

"Ndiyo hiyo feki?" Mkunga akauliza, ameshasimama.

Angeweza kuivunja. Ringi ni chuma chepesi kukatika, angeikata vipande viwili akasema, unaona, takataka. Mama wa spea angetukanwa mbele ya wateja wake, na yeye Gumba angerudi kazini kesho. Aliifikiria hiyo, nisimsafishe bure. Kisha akamfikiria yule mjamzito na vioo vilivyoshushwa.

"Si feki," akasema. "Nimeiweka kichwa chini mimi. Vidole vilinidanganya. Lakini ni mara hii moja tu, mwanangu. Hata nati umeona nilivyozikaza, karibu nishindwe kuzifungua."

Shemeji akajifuta jasho kwa kiganja. "Nati nilizikaza mimi, shemeji."

"Zipi?"

"Zote. Za gari hili ulipokwenda kunywa chai nilipita nyuma yako na spana. Zilikuwa zinazunguka kwa kidole. Angefika nalo kona ya pili, injini ingetoboka ubavuni. Na lile lori kabla yake. Na teksi ile nyeupe. Napita nyuma yako tangu mvua zilipoisha."

Gumba alihisi uso umepata moto. "Umenigeuza mtoto! Unanifuata nyuma kama anayejifunza kutembea? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi na wewe tumezoea utani, na hilo halina utani wake." Machozi yalikuwa yamemlenga. "Na dada angemlaumu nani, mimi niliyeona au wewe uliyeficha?"

Hasira ikamwisha Gumba kama ilivyokuja. Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye lile tairi. Alijiona mzee kwa mara ya kwanza, tena mbele ya watu.

Mkunga ndiye aliyekuwa na haki ya kufoka, na alikuwa amefungua kinywa. Akakifunga. Alichuchumaa mbele yake, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya kuamrisha tena.

"Baba, unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo?"

"Mara nyingi. Maji nayanywa sana, ni joto."

"Hiyo inaweza kuwa sukari, baba. Na miguu?"

"Nayo imekufa ganzi. Lakini vidole vya mikono bado, mwanangu. Vinasikia kidogo. Kuna siku vinasikia kabisa." Akamtazama shemeji yake kama anayeomba ushahidi. Shemeji akatazama chini.

Mkunga akafungua mkoba, akatoa pamba na sindano mpya iliyofungwa. Akamsafisha oili kwenye ncha za vidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka. "Funga macho," akamwambia. "Nitagusa kila kidole. Ukisikia, sema."

Gumba akafunga macho. Akanyoosha mikono, akaikaza, akasikiliza kwa vidole vyake vyote kama alivyosikiliza chuma maisha yake yote. Gereji ilikuwa kimya, hata nyundo za mbali zilikuwa zimenyamaza. Alisubiri. Akasubiri tena. Mwisho akaona binti wa watu anaona haya kumchoma mtu mzima, akamtia moyo.

"Anza tu, mwanangu, usiogope. Mimi niko tayari."

Gumba alimsikia shemeji yake akipenga kamasi.

"Nimeshamaliza, baba," mkunga akasema.