Gauni Lililoanzia kwa Mdogo

Mzazi akiingia na watoto wawili kwa fundi cherehani huyu, kipimo huanza kwa mdogo. Mkubwa akinung'unika, fundi humtazama juu ya miwani, pini zimejaa mdomoni, kisha huendelea kupima.

Alipokuwa na miaka tisa hakuwa hivyo. Nyumbani walikuwa wawili, yeye na kitinda mimba mwenye pengo la mbele, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapengo. Mama yao alikuwa dobi, mikono imechubuka kwa kufua nguo za watu. Nguo ikipatikana ilikuwa ya mkubwa. Ikimbana, ilishuka kwa Kapengo ikiwa imepauka, ina kiraka na vifungo vya rangi mbili.

Mwaka huo mteja mmoja alimpa mama kitambaa cha njano kilichobaki kwenye mapazia. Mama akamshonea mkubwa gauni. Siku mbili nzima msichana alijishaua nalo kwa majirani, hata kukaa hataki lisijikunje. Kapengo alimfuata nyuma kimya, naye kwa kawaida mdomo wake haukuwa na kifungo.

Jioni, gauni likiwa limetundikwa mlangoni, Kapengo alisogeza pua kwenye ukosi, akavuta pumzi. Dada yake akamkaripia aondoe makamasi yake pale. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Dada, nguo mpya zote zinanukia hivi?"

Usiku huo dada alikuwa akiligeuza swali hilo kichwani. Kesho yake mama alipotoka, dada akatafuta sindano, akakunja pindo kiganja kizima, akabana mabega, mshono ukaenda upogo kama nyayo za kuku. Mara mbili alitaka kufumua, maana roho bado iling'ang'ania njano ile. Mwishowe akamwita Kapengo, akamvika.

Mama aliporudi alishika kiuno. Alianza kusema jinsi alivyojinyima kupumzika kwa ajili ya gauni lile, kisha akamwona Kapengo akizunguka uani kama pia. Akakaa kizingitini, akamwita mkubwa, wakafumua pamoja ule mshono, akamwonyesha namna ya kupinda.

"Usikate, mwanangu. Acha nafasi ndani, ataikulia. Na wewe mwakani nitakutafutia lako."

La mwakani halikuja. Mambo yalikuwa magumu. Fundi hafichi kwamba alilia kwa kujificha, na kwamba siku moja alimfinya mdogo wake bila kosa lolote, kisha akambeba mgongoni hadi shuleni kumbembeleza. Ila sindano haikumtoka tena mkononi, na ndiyo inayomlisha mpaka leo.

Kapengo sasa ni mkunga mstaafu, anaishi mbali, na kila Ijumaa hupiga simu. Majuzi fundi alimuuliza kama analikumbuka lile gauni. Rangi yake Kapengo alikwisha kuisahau.

"Mimi nakumbuka mvua," alisema. "Tunatoka shule, matope kila mahali, na wewe dada uko nyuma umenishikia pindo lisichafuke. Wewe mwenyewe umezama mpaka magotini."

Fundi hakuwa na kumbukumbu hata chembe ya mvua hiyo. Akavuta kiti karibu na dirisha, simu sikioni, akamwomba mdogo wake aanze kusimulia upya, polepole.