Mlinzi wa Mzinga Asiyemwamini Fundi

Saa moja asubuhi, Arlene Dutcher anazunguka mzinga wa shaba kwenye mnada wa ng'ombe, sumaku mkononi. Anaigusisha kila mahali. Hainasi.

"Shaba hainasi, sawa," anasema. "Lakini hata shaba ya jana hainasi."

Arlene, 61, anatunza makaburi ya Harlan Fork, Ohio, kwa dola 14 kwa saa. Kila masika huusafisha mzinga huo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, unaolinda makaburi ya vijana 19 wa mji waliouawa katika vita hivyo. Babu wa babu yake ni mmoja wao.

Wiki tatu zilizopita, fundi Merle Haskett aliuchukua ili atengeneze magurudumu yaliyooza. Jana aliurudisha gurudumu moja likiwa bado, na anataka kuuchukua tena. Mzinga halisi wa aina hii unauzwa bei ya nyumba mbili hapa mjini. Arlene hajalala vizuri tangu uondoke, akihofia utarudi wa bandia.

Mdomoni umegongwa uzito wake: ratili 1,227. Ndiyo maana ameuleta kwenye mizani ya ng'ombe.

Otis Quill, mpima ng'ombe, anautoa kwenye magurudumu, anauning'iniza kwa mnyororo, anaushusha juu ya mizani. Mizani inasoma 1,225.

"Mbili tu, dada! Ng'ombe akikojoa hupungua zaidi ya hapo."

"Umeridhika sasa, mama?" Haskett, aliyekuja kuuchukua, anauliza. "Umenitia aibu mbele za watu."

Arlene anachukua mswaki, anasugua namba. Kwenye ile 7 ya mwisho kunachomoka kipande cha mpira wa waridi, na ile saba imejichapa juu yake, imegeuka kama kwenye kioo. Daktari wa meno alimjaza mpira kama huo kinywani alipompima meno ya bandia.

"Hii nini, Merle?"

"Dawa ya kusafishia."

"Dawa gani inachukua umbo? Umetengeneza kalibu ya kumiminia mwingine! Pacha wake yuko wapi?"

Haskett anatazama viatu vyake. Otis naye ameacha kucheka.

Mzinga ni wenyewe, basi. Hilo halimpi Arlene raha hata kidogo: kama pacha yupo, imebaki safari moja tu kwa fundi ili ibadilishwe.

"Magurudumu chukua," anamwambia. "Mzinga hauondoki."

Siku ya kuwakumbuka wafu wa vita ni wiki ijayo. Arlene amekwisha kuchagua magogo mawili ya mwaloni ya kuulazia.

"Watakuja na maua yao waukute chini kama gunia," anasema. "Watanisema, na waseme. Wale vijana nitawawekea mzinga wao halisi."